Wasee wa matembezi, hilo neno "hairudishwi" litatuzamisha

Nianze kwa kuungama, kwa sababu baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu mlikuwa kwenye ile grupu ya WhatsApp na hadithi mnaijua nusu. Mwezi Aprili nilipeleka watu 12 kupiga kambi Turkana, kando ya laga moja si mbali na Lodwar. Picha mlizoziona ni za Ijumaa na Jumamosi mchana: mahema ya rangi rangi, mchanga mweupe, mikoma kwa nyuma, na wingu zito limekaa juu kama limeitwa kupigwa picha. Za Jumamosi usiku hamtaziona. Usiku huo kila mwenye simu aliitumia kama tochi, kutafuta wenzake.

Hakuna aliyekufa. Nalisema mapema ili usisome kwa hofu hadi mwisho. Ila haikuwa kwa akili yangu, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Kwa wasionijua: mimi ni yule jamaa wa blogu ya matembezi hapa Eldoret. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo iliposhinda nyumbani, na tangu hapo nakula kwa kamera na kwa tripu. Kazi yenyewe si siri. Unachora bango kwenye simu, unalirusha kwenye grupu na Insta, unaweka namba ya M-Pesa, unakodi matatu. Leo Cheploch, kesho maporomoko ya Torok, mwezi ujao Rimoi. Vijana wa mji huu wamechoka kukaa sebuleni na kuangalia watu wa Nairobi wakila raha, kwa hivyo soko lipo. Na chini kabisa ya kila bango, kwa herufi ndogo, sote tunaandika mstari ule ule: pesa ikishatumwa hairudishwi.

Alhamisi kabla ya safari mvua ilinyesha Eldoret kama imetumwa. Langas matope mpaka mlangoni, Huruma vivyo hivyo. Dada mmoja akauliza kwenye grupu, "Na hii mvua, tutaenda kweli?" Nikamjibu haraka: "Tunaenda jangwani, huko hakuna mvua." Nikaweka na kikatuni cha kucheka.

Sasa tuseme ukweli. Wakati najibu hivyo sikuwa nafikiria hali ya anga ya Turkana. Nilikuwa nafikiria 15,000 nilizomtumia mwenye matatu, ambazo naye alishasema hazirudi. Watu 12 kwa 4,500 ni shilingi 54,000. Gari 30,000, kukodi mahema saba 7,000, chakula 9,000. Zinabaki 8,000, na hizo nilikuwa nimeshazilipia kodi ya nyumba. Ningeahirisha, ningemrudishia nani kwa pesa gani? Kwa hivyo jangwani hakuna mvua. Imepitishwa.

Na kwa hesabu ya juu juu hata sikuwa nimedanganya sana. Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka mzima. Eldoret tunapita 1,000. Mtu akiona namba hizo anadhani kule kitu cha kuogopa ni kiu tu. Kumbe hapo ndipo mtego ulipo. Hiyo mvua kidogo haiji polepole kama manyunyu yetu ya Julai. Inaweza kuja kwa siku chache, kwa kishindo, na inaangukia ardhi ngumu isiyo na nyasi wala majani ya kuipunguza kasi. Haizami. Inakimbia. Na njia inayokimbilia ni laga.

Laga, kwa ambaye hajafika kaskazini, ni mto wa msimu. Siku nyingi za mwaka ni barabara ya mchanga, pana kuliko Uganda Road, kavu juu lakini ukichimba unapata maji. Mchanga wake ni laini, umelala sawa, hauna miiba. Ukipanda ukingoni unakuta mawe na migunga yenye miba inayotoboa godoro la upepo kama sindano. Sasa wewe ni kijana wa mjini, umekaa kwenye matatu tangu saa kumi alfajiri, umepita Kitale, Kapenguria, ukashuka Marich na mvua ikikupiga kioo, umefika umechoka, manyunyu bado yapo. Utalala wapi? Tulilala mchangani. Ijumaa ilipita salama, tukaona tumejua kuchagua.

Jumamosi asubuhi alikuja mama mmoja na binti yake, mitungi ya njano kichwani, kuchota maji katika shimo walilolichimba humo humo mchangani, hatua chache kutoka kwa mahema yetu. Anachota kwa kikombe, kidogo kidogo, anamimina. Alituangalia muda mrefu kabla ya kusema.

"Watoto wangu, mlilala hapa?"

"Ndiyo Mama. Na leo pia, kesho tunarudi."

"Hapa halali mtu. Hata mbuzi hatuwaachi hapa kukiwa na mvua kule." Akaelekeza mdomo upande wa magharibi, ilipo milima ya Loima.

"Lakini Mama, hapa hata jua limetoka."

"Maji ya huu mto hayatoki hapa."

Jamaa wetu mmoja, mwenye digrii ya jiografia, si utani, akaanza kumweleza jinsi mchanga unavyofyonza maji. Mimi niliyeacha chuo nikafurahi moyoni kupata msomi wa kunitetea. Yule mama hakubishana. Alijaza mitungi yake, akaenda. Jioni umeme ulianza kuwaka juu ya Loima, kimya, bila hata ngurumo kutufikia. Tuliupiga picha. Ni mzuri sana kwenye picha.

Hapo ndipo mwili wangu ulipokataa. Sijui kueleza, ila yale maneno ya maji kutotoka hapa yalikuwa yananirudia. Nikaita watu, nikasema labda tuhame juu. Manung'uniko. Miba. Giza. Tumelipa pesa kulala vizuri, si kulala kwa mawe. Na mimi, badala ya kusema tunahama, nikasema maneno ya kiongozi mwoga: anayetaka kuhama ahame, anayetaka kubaki abaki, sote ni watu wazima hapa. Kisha nikahamisha hema langu. Mahema manne yakapanda. Matatu yakabaki chini, watu sita ndani, nami nikajifunika nikalala.

Soma tena hiyo sentensi kama unapanga tripu. Niliamini kuna hatari kiasi cha kujihamisha mimi, lakini si kiasi cha kuwalazimisha waliolipa.

Ilikuwa kama saa tano na nusu. Juu yetu nyota zilikuwa zinaonekana. Nilisikia mngurumo nikadhani ni trela, kama zile zinazopanda Timboroa kwa gia ya kwanza, ndipo nikakumbuka barabara iko mbali. Halafu mtu akapiga mayowe. Maji hayakuja kama ukuta wa sinema. Yalikuja mepesi kwanza, meusi, yamebeba vijiti na povu na kinyesi cha mbuzi, yakawafika vifundoni, na kabla mtu hajamaliza kufungua zipu ya hema yalikuwa magotini. Watano walitoka jinsi walivyo, mwingine kaptula tu. Wa sita, msomi wetu, alirudi kuchukua kamera.

Maji yalimbeba kama mita 40 hivi, akashika mkoma. Tulimsikia lakini hatukumfikia. Mimi niliingia mpaka kiunoni nikasukumwa nikarudi nikiwa nimekumbatia hema la mtu. Waliomtoa ni vijana wawili kutoka boma la yule mama. Walikuja bila kuitwa, walikuwa wameona mianga ya simu ikikimbia kimbia gizani wakajua. Walikuwa na kamba na walijua pa kukanyaga. Ilichukua karibu saa nzima. Kamera ilienda, na mahema matatu, na simu nne.

Walitupeleka bomani, tukapewa chai ya maziwa. Yule mama hakusema "si niliwaambia." Aliuliza tulikuwa wangapi. Nikasema kumi na watatu na dereva. Akachukua tochi akatuhesabu mmoja mmoja, akigusa bega. Kisha akarudia. Wasee, mimi ndiye nilikuwa na orodha. Nilijua nani amelipa yote, nani anadaiwa 500. Kuwahesabu watu wakiwa hai kando ya maji, halikunijia akilini mpaka mgeni aliponifanyia.

Asubuhi laga ilikuwa imeshuka, maji kifundoni, mchanga umelainishwa kama shuka iliyopigwa pasi. Ungefika saa nne ungepiga hema pale pale.

Kuna jambo la pembeni ambalo siwezi kuliacha. Siku nzima ya Ijumaa sisi tulikuwa tunailaani mvua. "Mvua imetuharibia." Wenyeji walikuwa wanacheka na hiyo mvua, watoto wako nje uchi wanacheza, maana ng'ombe na mbuzi wamengoja kwa miezi. Kule mtoto akizaliwa mvua ikinyesha anaitwa Ekiru, akiwa msichana Akiru. Na si geni kwetu, sisi tuna akina Kiprop na Jerop kwa sababu hiyo hiyo. Mtu unatoka Eldoret, una Kiprop watatu ndani ya matatu, na unaenda kuwafundisha Waturkana kwamba mvua ni uharibifu wa wikendi. Aibu ndogo hiyo, lakini nadhani imeshikana na ile kubwa. Hatukwenda kwa watu. Tulienda kwa mandhari. Na mandhari haina mama wa kukuambia usilale hapa.

Sasa msidhani nasimulia kioja cha mtu mmoja. Aprili 2012 kikundi cha vijana wa kanisa kilikuwa kwenye korongo la Hell's Gate, Naivasha, maji ya mvua yakashuka yakawakuta ndani. Saba walikufa. Septemba 2019, korongo lile lile, watu saba tena, mwongozaji wao akiwemo. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu kule Mwingi maji yakiwa juu ya daraja. Waliokufa walipita 30, na wengi wetu tuliona video, kwa sababu watu walikuwa wamesimama ukingoni wakirekodi. Yatazame hayo matukio pamoja. Ni makundi. Ni watu waliokuwa na siku waliyoipangia, iwe matembezi au harusi. Ni mahali ambapo kwa siku nyingi maji si kitu cha kuogopa. Sisemi najua kilichokuwa kichwani mwa kila mmoja wao, wala siwalaumu marehemu. Nasema ninavyoijua ile hali ya kundi lililokwisha kutoka nyumbani: kurudi nyuma kunaonekana ni kushindwa.

Na kundi lililolipa ni gumu zaidi kurudi. Hapa ndipo nina ugomvi na wenzangu wa biashara hii, nikianza na mimi mwenyewe. Tunaposema "hairudishwi" tunadhani tunajilinda na wale wanaoghairi dakika ya mwisho kwa sababu wamepata mpango mwingine. Sawa, hao wapo na wanaudhi, wasirudishiwe. Lakini mstari huo huo unatufunga sisi. Mwenye gari ametuambia hairudishwi, sisi tumewaambia wateja hairudishwi, basi hakuna hata mtu mmoja katika mnyororo mzima ambaye anapata faida kwa kusema, jamani, wiki hii tusiende. Mvua ikiwa inatangazwa redioni, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa imetoa onyo, mto umejaa, kila mmoja anamtazama mwenzake aseme, na mwenye kusema ndiye atakayelipa. Unajua jibu. Tunaenda.

Mteja naye anafungwa. Yule dada aliyeuliza kuhusu mvua aliniambia baadaye kwamba alitaka kubaki nyumbani, lakini alifikiria 4,500 zake. Mshahara wake wa wiki. Alikuwa ndani ya moja ya yale mahema matatu.

Nimeshaambiwa kwamba nikianza kurudishia watu nitafunga duka. Mwenzangu mmoja wa hapa mjini, ambaye hupeleka watu Baringo, alinicheka waziwazi: "Buda, wewe unataka kuwa bima?" Nimepiga hesabu, na hana kosa kabisa. Kurudisha kila kitu siwezi. Ila kuna njia kati ya kurudisha zote na kuzama nazo. Nilimwendea mwenye matatu, mtu mgumu kama jiwe, nikamwambia habari yote bila kuficha. Tuliongea nusu saa. Amekubali kwamba mvua ikizidi malipo ya kwanza yanahama na tarehe, hayapotei. Hakunidai senti zaidi. Alisema hakuna aliyewahi kumuuliza, na pia hapendi gari lake lisombwe. Mwenye mahema vivyo hivyo, ingawa yeye ana sababu ya kuwa mkali na mimi, mtaelewa. Kwa wateja nimepunguza malipo ya kwanza hadi 1,000, zinazobaki mtu analipa akiwa anapanda gari. Kwa hiyo hadi asubuhi ya safari mtu anaweza kutazama mbingu akabaki kitandani, na hasara yake ni elfu moja, si wiki ya mshahara.

Lililo gumu kwangu ni lile la kambini. Pale tatizo halikuwa pesa tena, ilikuwa ni nani mwenye neno. Nimeamua kwamba kila tripu ya kwenda bondeni au kaskazini nitamlipa mtu wa pale pale, si wa kubeba mizigo na kucheza ngoma jioni, bali wa kuchagua tunapolala. Akisema hapa hapana, ni hapana, hata kama mchanga ni laini, hata kama watu 12 wanapiga kelele na mmoja wao ana digrii. Kura hatupigi. Najua vijana hatupendi hilo, tumetoka majumbani kwa wazazi ili tusiambiwe pa kulala. Nilidhani hivyo pia.

Kuna watakaosoma haya waseme basi Turkana tusiende, au tungoje Januari kavu. Mimi nitarudi, na kama ni Aprili nitarudi Aprili. Mliokuwepo mnajua ile harufu ya Jumamosi asubuhi, ardhi iliyokauka miezi ikinywa maji. Vyura waliotoka sijui wapi, wanaimba kama kwaya nzima. Sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho na nimezunguka. Ukingo wa laga upo, una mawe, una miba, na una mwonekano mzuri zaidi kwa sababu uko juu. Lete mkeka mzito.

Serikali za kaunti nazo zingeweza kuweka vibao kwenye laga zinazopendwa na wageni. Pale kwetu hapakuwa na hata kimoja. Lakini sitajificha nyuma ya kibao. Niliambiwa kwa mdomo na mtu mzima.

Nadaiwa mahema matatu, 6,500 kila moja. Moja nimelipa. Waliopoteza simu tumekubaliana kidogo kidogo, na wawili wamesema nisahau, jambo ambalo limenikosesha usingizi kuliko wanaodai. Msomi wetu ana kovu mkononi, bado tunaongea, ingawa kuhusu udongo hatuongei. Kwa yule mama nilirudi Juni peke yangu kwa basi, nikiwa na sukari, majani ya chai na kamba mpya. Aliniuliza wale wengine wako wapi, akitaja idadi: kumi na watatu na dereva.

Bango la Agosti nimelirusha jana jioni. Mstari wa chini sasa unasema mvua ikizidi tutahamisha tarehe na pesa yako inakungoja. Mpaka asubuhi hii watu watano wameniandikia faraghani. Wanne wanauliza kama huo mstari ni wa kweli. Wa tano ni yule dada wa Alhamisi, na yeye ametuma 1,000 bila kuuliza kitu.